Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watumiaji wa Linux na Programu Huria

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati, wageni waalikwa,

Itifaki imezingatiwa.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa mbele ya mkutano mkuu kila mwaka. Naitoa, nikijua vizuri kwamba wengi mmekuja kusikia jambo moja tu: kusitishwa kwa distro yetu, yaani toleo la mfumo endeshi wa Linux lililoandaliwa na chama. Tutalifikia. Tumalize kwanza ya kawaida.

Shughuli za mwaka

Mafunzo ya wanaoanza yalifanyika kila robo ya mwaka kama ilivyopangwa. Seva ilihamishwa. Tovuti ilisasishwa. Vijana wetu wawili viraka vyao, yaani marekebisho ya msimbo, vilikubaliwa katika miradi ya KDE (eneokazi, yaani sura ya skrini na menyu zake) na LibreOffice (programu za ofisi), hongera zao, nao wapo ukumbini.

Siku ya usakinishaji ilifana kuliko miaka yote, na sababu mnaijua. Tarehe 14 Oktoba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na watu wenye kompyuta nzima kabisa, ila zisizokidhi masharti ya Windows 11 kama chipu ya usalama ya TPM 2.0, wakawa wanatafuta pa kukimbilia. Kompyuta zilizohudumiwa siku hiyo, pamoja na zilizoletwa baadaye na zile zilizorudishwa kwa ajili ya Wi-Fi, ni 61 kwa jumla. Mchanganuo anao katibu. Wazo la kuisogeza siku hiyo kutoka Desemba hadi Oktoba lilikuwa langu, na naishukuru kamati kwamba hatimaye ililikubali.

Kwa wale wanaouliza kila Januari kama huu ndio mwaka wa Linux mezani, yaani kwenye kompyuta za watu wa kawaida: tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa na Linux, na kila simu ya Android ina kerneli yake, yaani kiini cha mfumo. Mezani bado tu wachache, na tutabaki wachache maadamu kompyuta zinatoka dukani zikiwa na mfumo mwingine ndani. Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa distro ya Ubuntu, aliandikisha hitilafu namba 1 ya Ubuntu mwaka 2004, kwamba Microsoft imehodhi soko. Akaifunga mwaka 2013. Windows haikuwa imeshindwa mezani. Ni simu na tabuleti zilizobadilisha hesabu yote. Nalitaja hili kwa sababu kuna mwanachama aliyeandika kwamba distro yetu ndiyo iliyokuwa inatupeleka kwenye huo mwaka.

Suala la distro

Mwezi Juni kamati iliamua kusitisha distro ya chama. Tangu siku hiyo nimeitwa majina mengi, na mengine yamesemwa mbele ya wanangu.

Inadaiwa niliamua peke yangu. Mapendekezo yalitumwa kwa wajumbe wote wa kamati wiki tatu kabla ya kikao. Akidi ni wajumbe saba, walifika watano. Katiba inasema akidi isipotimia kikao kiahirishwe kwa wiki moja, na watakaofika mara ya pili ndio watakaoamua. Mara ya pili walifika wanne. Wanne hao wakapiga kura, tatu kwa moja. Kumbukumbu zipo na zimesainiwa. Ambao hawakuonekana katika vikao vyote viwili ndio walioandika waraka wa kurasa nne wakiuita uamuzi ule mapinduzi. Asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa niwaeleze hali tuliyoikuta, maana waraka ule haukuigusa hata kwa mstari mmoja. Distro yetu ilijengwa juu ya Ubuntu 20.04, ambayo msaada wake wa kawaida ulikwisha Mei 2025. Lakini ilikuwa imekufa kabla ya hapo. Ufunguo wa kidijitali wa kutia saini vifurushi vyetu vya programu ulikuwa umepitwa na muda wake. Kila kompyuta iliyotoa amri ya kusasisha, apt update, ilipata mstari wenye neno EXPKEYSIG, ikaikataa hifadhi yetu, na ikaendelea kutumia vifurushi vya zamani. Fundi akiuona mstari huo anashtuka. Mtumiaji wa kawaida hauoni kabisa: anaona hakuna cha kusasisha, anafurahi kwamba mambo yametulia. Ufunguo wenyewe ulikuwa kwenye diski ya mjumbe mmoja, na nenosiri alilijua yeye tu. Tulipofanikiwa kumpata alitujibu kwa upole kwamba diski ile aliifuta zamani, siku alipotaka kujaribu Arch, distro nyingine.

Na distro hiyo ilitofautiana na Ubuntu kwa lipi? Nilikaa nikaorodhesha. Picha ya usuli. Aikoni. Nembo yetu wakati wa kuwasha. Orodha ya programu zinazokuja zikiwa tayari zimesakinishwa. Na skripti moja fupi ya Bash ya kurekebisha sauti kwenye aina moja ya laptopu, tatizo ambalo kerneli ilishalimaliza yenyewe. Basi. Vyote hivyo vinaenea katika kifurushi kimoja cha deb. Nimekitengeneza mimi mwenyewe, usiku, bila malipo, kipo kwenye seva, na yeyote anayeililia ile picha ya usuli anaweza kukisakinisha hata sasa hivi nikiwa naongea.

Hoja kubwa ya wapinzani ni uhuru. Wanasema programu huria maana yake kila mtu achukue msimbo aende na njia yake, na chama kinachozuia hilo kimejisaliti. Kwanza, hakuna aliyezuiwa. Msimbo wote uko wazi, chukueni. Pili, haki hiyo naijua na nimeitetea kabla wengine hawajajiunga. Bila haki hiyo tusingekuwa na LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010. Tusingekuwa na MATE, iliyoendeleza eneokazi la GNOME 2 baada ya GNOME 3 kutoka mwaka 2011 na kuwakera wengi, akiwemo Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliyehamia eneokazi la Xfce kwa muda. Lakini tazameni ni nani aliyejitenga. LibreOffice walijitenga waandishi wa msimbo, wengi, waliokuwa tayari wanaifanya kazi hiyo kila siku. Leseni ya GPL, inayotumiwa na Linux na programu nyingi huria, inakupa haki ya kutumia, kunakili, kurekebisha na kusambaza. Mtu wa kuamka usiku kuweka kiraka cha usalama haikupi, huyo unamtafuta mwenyewe.

Mwanachama mmoja, ambaye namheshimu, alitoa mfano wa jiji la Munich: mbona wale walikuwa na distro yao, LiMux, kwenye kompyuta zaidi ya 14,000? Ni kweli, na walifika mbali kuliko wengi. Walikuwa na watu wanaolipwa mshahara kuishughulikia. Hata hivyo mwaka 2017 baraza la jiji lilipiga kura kurudi Windows. Mnaweza kusema ilikuwa siasa, nami sikatai. Ila mfano huo hausaidii upande mliouleta. Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, nao ni kampuni, wana waajiriwa. Walitengeneza eneokazi lao la Unity, wakalitetea kwa miaka, kisha Aprili 2017 wakatangaza kuliacha na kurudi GNOME. Sisi ambao kikao cha kamati hakitimizi akidi tulitaka kubeba mfumo endeshi mzima?

Kilichonikosesha usingizi mimi ni jambo la xz. Mnalikumbuka. Maktaba ndogo ya kubana mafaili, iliyomo karibu katika kila distro, ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayejitolea, naye alikuwa amechoka na akisukumwa na watu asiowajua. Akajitokeza msaidizi, mchapakazi, mpole. Kwa muda wa kama miaka miwili alijenga imani hadi akapewa ruhusa ya kutoa matoleo, na katika 5.6.0 na 5.6.1 akaficha mlango wa nyuma uliolenga kuingilia kompyuta kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. Aliyegundua, Machi 2024, ni Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliyeona kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, na badala ya kupuuza akafuatilia. Nusu sekunde! Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia katika toleo la majaribio la distro ya Debian na yalikuwa njiani kuelekea kwenye matoleo ya watumiaji wote. Sasa niambieni: kama lingetokea kwetu, kwenye hifadhi yenye ufunguo wa mtu mmoja asiyejibu ujumbe, nani angegundua? Wale 31 waliotia saini waraka? Kati yao, aliyewahi kutuma hata kiraka kimoja kwenye distro hiyo ni mmoja, na alirekebisha tahajia ya jina lake mwenyewe.

Ndiyo maana tukaamua kupendekeza Debian 13 kwa kompyuta zote tunazozihudumia. Imetoka tarehe 9 Agosti 2025, ina vifurushi karibu 70,000, ina timu ya usalama, na kura zao, tofauti na zetu, hupigwa na watu wanaofanya kazi. Nguvu zetu tunazipeleka kwenye miradi mama, inakotoka programu tunazozitumia: kuripoti hitilafu vizuri, kuandika maelezo, kujaribu matoleo kabla hayajatoka. Kuripoti vizuri, nasema. Ripoti isemayo “sauti haitoki, rekebisheni” inamchosha mtu anayejitolea. Taja toleo la programu na la kerneli, ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitegemea nini kitokee na kikatokea nini, kisha ambatisha kumbukumbu za mfumo kutoka amri ya journalctl. Tuliripoti hitilafu moja ya printa kwa namna hiyo na ikarekebishwa katika toleo lililofuata, kwa watumiaji wa distro zote. Katika miaka yote ya distro yetu hatukuwahi kumsaidia mtu yeyote nje ya wanachama wetu.

Eneokazi tulilochagua ni KDE Plasma, na hili nalo likazua maneno. Wapenzi wa GNOME wamesema nimewabagua. Sababu ni nyepesi: anayetoka Windows anaikuta menyu chini kushoto alipoizoea, hatuna haja ya kumfundisha upya kabla hajafungua barua zake. GNOME ni nzuri, naitumia nyumbani. Na ndugu zetu wa X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, wanaodai mrithi wake Wayland inalazimishwa: X11 ni ya mwaka 1987, na wengi wa walioitunza ndio walioanza kujenga Wayland kuanzia 2008. Wakiondoka wao, mnataka aitunze nani? Kwa mwanachama wetu anayetumia kisoma skrini hoja ni tofauti na ni ya kweli. Yeye tumemwachia X11 hadi mambo yake yakae sawa, na hakuna aliyeniuliza hilo kabla ya kunilaumu.

Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi. Nimelieleza kwa urefu ili liingie kwenye kumbukumbu.

Mahudhurio na ada

Mikutano ya mwezi ilihudhuriwa na watu kati ya 9 na 14. Isipokuwa mmoja: nilipotangaza mjadala wa systemd, programu inayowasha mfumo na kusimamia huduma zake, tulikosa viti. Ni jambo ambalo Debian walilipigia kura mwaka 2014, waliolikataa wakaenda kuanzisha distro yao ya Devuan, dunia ikaendelea, lakini kwetu bado linajaza ukumbi. Mwezi uliofuata tulipanga siku ya kuandika maelezo ya matumizi. Walikuja watatu, na mmoja alifuata intaneti.

Rejista ina majina 143. Waliolipa ada hadi hesabu zinafungwa ni 49, na kati ya hao 12 wamelipa wiki hii ili wapate kupiga kura leo. Karibuni, fedha ni fedha. Waliotia saini waraka ni 31, nimeshawataja. Waliolipa ada kati yao ni wanane. Ada haijapandishwa tangu niingie madarakani, na nusu yake na zaidi inakwenda kwenye seva na jina la kikoa, ambavyo havikubali ahadi. Mara mbili mwaka huu nimelipia seva kutoka mfukoni mwangu. Sijadai kurudishiwa. Nataja tu.

Kuna wanaosema programu ni za bure, ada ya nini? Uhuru tunaouzungumzia ni wa kutumia, kuchunguza, kurekebisha na kushirikisha. Umeme wa seva hauna leseni ya GPL.

Mwaka ujao

Kamati inatarajia kuendelea na mafunzo, kuimarisha uhusiano na miradi mama, na pale hali ya fedha itakaporuhusu, kupata mashine mpya ya kujaribia matoleo. Tunafikiria pia kuanzisha kikundi cha wasichana wanaoandika msimbo. Mazungumzo yapo katika hatua za awali. Upo pia mpango wa kuipitia upya katiba, hasa kifungu cha akidi, na mapendekezo yataletwa muda utakapowadia.

Namshukuru katibu, aliyeandika kumbukumbu zote za vikao hivyo viwili. Namshukuru mweka hazina, ambaye hesabu zake zinafuata, na ninaomba maswali ya fedha aulizwe yeye. Kuhusu hoja iliyowekwa mezani ya kutokuwa na imani na mwenyekiti, ni ajenda namba saba. Katiba inataka theluthi mbili ya wanachama waliolipa ada wawepo ukumbini ndipo ipigiwe kura, na nimemwomba katibu ahesabu watu kabla hatujaanza.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti