Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bustani ya Maua Meupe, Wadudu Wake na Suala la Taa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawajibika kuwasilisha kwenu taarifa ya kazi za mwaka huu unaomalizika. Nimeiandika mwenyewe badala ya kumwachia katibu kama ilivyozoeleka, kwa kuwa mengi yamesemwa kuhusu uongozi, hasa juu ya taa za bustani, na ni haki yenu kupata maelezo kutoka kwa yule aliyelipeleka pendekezo lenyewe kwenye kamati.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Vitalu vilipaliliwa, asumini zilipogolewa kwa wakati, miche ikagawiwa, na daftari la wageni wa mchana likaendelea kujazwa: nyuki kwenye michungwa na mibuni, nzi wanaoelea hewani na mbawakawa wadogo kwenye giligilani na vitunguu vilivyoachwa vichanue. Wanafunzi waliotutembelea walifundishwa kwa vitendo. Kila mmoja alipewa petali nyeupe, akaibana kwa nguvu kati ya vidole mpaka weupe ukatoweka na kubaki utando mwembamba unaopitisha mwanga, na hapo wakaelewa kwamba weupe wa ua hautokani na rangi iliyomo ndani yake bali na nafasi ndogo za hewa baina ya seli, ambazo huutawanya mwanga na kuurudisha. Zoezi hilo niliingiza mimi katika ratiba, na walimu wameomba liendelee. Wanafunzi walielezwa pia kwamba kinachoitwa cheupe na macho yetu si cheupe kwa nyuki, kwa maana petali nyingi nyeupe hufyonza miale ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni lakini nyuki huiona, hivyo yeye huliona ua hilo likiwa na rangi yake kamili mbele ya majani. Karl von Frisch, aliyethibitisha kwamba nyuki huona rangi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Sasa niingie katika suala la taa.

Mtakumbuka kwamba taa kubwa nyeupe ziliwekwa bustanini kabla ya uongozi huu, kwa nia njema ya kuwawezesha wanachama kukaa nje nyakati za jioni. Mwaka huu kamati ya utendaji, kwa pendekezo langu, iliamua zizimwe kuanzia magharibi, na mahali pake pawekwe taa chache fupi za njiani, zenye mwanga wa rangi ya kaharabu, yaani manjano inayoelekea wekundu, zilizofunikwa juu ili mwanga uelekee chini tu, na ziwashwe pale tu penye watu. Baadhi ya wanachama walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Ninarudia nililolisema katika kikao: katiba inaikabidhi kamati matunzo ya bustani, na taa ni sehemu ya matunzo hayo sawa na maji na mbolea. Sikuona sababu ya kuitisha mkutano mkuu kwa jambo hilo, na hata sasa siioni.

Hata hivyo, hoja zilizotolewa dhidi ya uamuzi huu zilitolewa na watu waliojitolea kwa miaka mingi, na zinastahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Hoja ya kwanza ilisema kwamba wadudu wa usiku wanahitaji mwanga ili wayaone maua, kwa hiyo taa zinawasaidia. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 2002 mtafiti Almut Kelber na wenzake walionyesha kwamba nondo wa aina ya Deilephila elpenor anaweza kutofautisha rangi za maua katika mwanga hafifu wa nyota, hali ambayo jicho la binadamu haliambui rangi yoyote. Mdudu mwenye macho ya namna hiyo hana haja ya balbu zetu. Ua jeupe linamtosha, kwa sababu huurudisha mwanga mdogo wa mbingu ya usiku kwa wingi zaidi kuliko majani yanayolizunguka, na harufu yake humvuta kutoka mbali kabla hata hajaliona. Taa inamvuruga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwa kutumia kamera za kasi kubwa ulionyesha kwamba wadudu wanaoruka huuelekeza mgongo wao upande wenye mwanga. Kwa kuwa kwa asili mwanga wa usiku hutoka juu, tabia hiyo huwasaidia kujua juu ni wapi na chini ni wapi, lakini wakiwa karibu na taa hupinda bila kukoma na kubaki wakiizunguka. Wale nondo tuliokuwa tukiwaona kila usiku wakizunguka nguzo, na ambao wapo waliowahesabu kuwa ushahidi wa bustani yenye uhai, walikuwa wamepotezewa njia, na maua yaliyofunguka kwa ajili yao yalikaa bila mgeni.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ni kwamba hata nondo wasipokuja, nyuki watafika asubuhi na kuifanya kazi hiyo hiyo. Hapa ninaomba subira yenu. Mwaka 2017 Eva Knop na wenzake wa Uswisi walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika malisho ambayo hayakuwa yamewahi kuwekewa taa. Katika sehemu walizozimulika, ziara za wadudu wa usiku kwenye maua zilipungua kwa asilimia 62, na mmea waliouchagua kwa uchunguzi wa karibu ulipungukiwa na matunda kwa asilimia 13, ingawa wadudu wa mchana waliutembelea kwa wingi. Nyuki walikuja, na pengo halikuzibika. Ninaomba kila aliyeitoa hoja hii aifikirie takwimu hiyo kwa makini.

Tena yapo maua ambayo nyuki hawezi kabisa kuifikia mbochi yake, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya ua. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin aliandika juu ya okidi nyeupe ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, ambayo mbochi yake imo katika ncha ya mrija wenye urefu wa karibu sentimita 30, akasema lazima kisiwani humo yupo nondo mwenye mrija wa kunyonyea wenye urefu wa kufika huko. Wapo waliomcheka. Mwanasayansi mwenzake Alfred Russel Wallace alimuunga mkono mwaka 1867, na Darwin akafariki mwaka 1882 nondo huyo akiwa bado hajapatikana. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1903, na jina hilo, praedicta, lina maana ya aliyetabiriwa. Ilipita tena karibu karne nzima, hadi miaka ya 1990, ndipo ziara yake kwenye okidi hiyo ikaandikwa kwa ushahidi wa picha. Bustani yetu haina okidi hiyo, lakini asumini, Gardenia, Ipomoea alba na mipapai vimejengwa kwa kanuni ile ile: ua jeupe au la rangi ya maziwa, mrija mwembamba, harufu inayokolea jioni. Kuyapanda maua ya aina hii na kisha kuyamulika usiku kucha ni kuwaalika wageni na kuwafungia mlango.

Hoja ya tatu ilihusu usalama. Kamati iliizingatia tangu mwanzo, na ndiyo maana taa za njiani zipo. Mwanga wa kaharabu ulichaguliwa kwa sababu wadudu wengi huvutwa zaidi na mwanga wenye buluu na urujuanimno, na hawavutwi sana na ule unaoelekea wekundu. Hakuna mwanachama aliyeanguka, na hakuna kilichoibwa tangu taa kubwa zizimwe.

Na matokeo yameonekana. Ninawasihi wale ambao bado hawajafika bustanini usiku waende kwenye uzio wa Ipomoea alba kabla giza halijatanda. Chipukizi la ua huwa limesokotwa kama mwavuli uliokunjwa. Linatikisika kidogo, mkunjo wa kwanza unaachia, na katika muda wa dakika chache tu sahani nyeupe yenye alama ya nyota ya kijani hafifu inakuwa imefunguka mbele yako, na harufu inakufikia wakati huo huo. Baadaye kidogo hufika Agrius convolvuli, nondo mkubwa wa kijivu mwenye mistari ya waridi tumboni, ambaye mrija wake wa kunyonyea ni mrefu kuliko mwili wake. Hatui. Anaelea mbele ya ua, mabawa yakipiga kwa kasi isiyofuatika kwa macho, anaukunjua mrija, anauingiza mpaka chini, na anapotoka uso wake umeshapakwa chavua. Katika daftari la usiku, ambalo nililianzisha mimi na ambalo kwa sehemu kubwa limejazwa kwa mkono wangu, nondo huyu alikuwa ameadimika wakati wa taa. Tangu zilipozimwa ameandikwa mara kwa mara. Wapo wanaosema ni mvua zilizomleta. Mvua ina sehemu yake, kwa kuwa majani mabichi hulisha viwavi, lakini mvua zilinyesha vizuri miaka ya nyuma pia na daftari halikujaa.

Suala la viwavi ni la pili katika malalamiko, nalo ninaligusa kwa ufupi. Kiwavi anayetoboa majani ya Ipomoea ndiye nondo huyo huyo katika umri mwingine, na mwanachama anayeomba dawa ya kunyunyiza mchana anaomba tuue kile anachokisifia usiku. Katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani, nondo wa Manduca sexta hunyonya mbochi ya maua meupe ya Datura wrightii na kutaga mayai kwenye majani ya mmea huo huo; mmea unapoteza majani na kupata mbegu. Msimamo wa kamati ni kwamba dawa haitapulizwa, na majani yaliyotobolewa yataachwa yalivyo.

Sasa mahudhurio, na hapa sitaficha masikitiko yangu. Vikao viwili viliahirishwa kwa kukosa akidi. Mazungumzo kuhusu mbawakawa na maua makubwa ya majini, ambayo niliyaandaa kwa muda mrefu, yalihudhuriwa na watu wachache mno, na waliokosa wamekosa jambo kubwa. Yungiyungi la Amazoni, Victoria amazonica, hufunguka jioni ya kwanza likiwa jeupe, lenye joto na harufu ya matunda. Mbawakawa huingia, ua hujifunga wakiwa ndani, na linapofunguka jioni ya pili limeshageuka waridi, nao wanatoka wamebeba chavua kwenda kutafuta ua jingine jeupe. Maelezo hayo yalitolewa mbele ya viti vitupu. Wanachama waliolalamika kwa maandishi kuhusu taa walikuwa wengi kuliko waliofika kwenye zamu yoyote ya usiku, na ninaona ni vigumu kuupokea kwa uzito uleule ushauri kuhusu wadudu wa usiku kutoka kwa mtu ambaye hajaja kuwatazama.

Kuhusu ada, mweka hazina ameniletea hesabu zifuatazo. Wanachama walioandikishwa ni 58. Waliokamilisha ada ni 31, waliolipa sehemu ni 9, na ambao hawajalipa chochote ni 18, miongoni mwao 7 wakiwa na deni la mwaka uliopita pia. Makusanyo yametosha kwa maji, miche, zana na ukarabati wa uzio, na hayakutosha kwa chumba cha vielelezo ambacho mkutano huu uliazimia kijengwe. Taa za njiani hazikununuliwa kwa fedha za ada. Zilitokana na michango ya hiari ya wanakamati, na mchango wangu ndio uliokuwa mkubwa. Ninalisema hili kwa sababu imeenezwa habari kwamba fedha za chumba zilielekezwa kwenye taa, jambo ambalo vitabu vya mweka hazina havilionyeshi, na vitabu hivyo viko wazi kwa mwanachama yeyote aliyelipa ada yake.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, hali ikiruhusu, kupanua kitalu cha maua madogo meupe ili nzi na nyigu wadogo, ambao midomo yao mifupi haifiki kwenye mirija mirefu, wapate malisho ya kutosha. Tunatumaini pia kuanza uchunguzi wa buibui weupe wanaovizia juu ya maua meupe. Huko Australia ilithibitishwa mwaka 2003 kwamba buibui wa aina ya Thomisus spectabilis, ambaye kwetu sisi hutoweka kabisa juu ya petali, kwa macho ya nyuki hung'aa kwa urujuanimno na kumvuta nyuki badala ya kujificha asionekane. Ingefaa tujue wale wa bustani yetu wanafanya nini, na ninaamini atapatikana mwanachama wa kuisimamia kazi hiyo. Chumba cha vielelezo kitajengwa pindi fedha zitakapopatikana. Zamu za usiku zitaendelea, na orodha ya kujiandikisha iko kwa katibu.

Wapo wanaotaka suala la taa lipigiwe kura upya katika mkutano huu. Sitalizuia, kwa kuwa katiba inaruhusu ombi lililosainiwa na theluthi moja ya wanachama hai, yaani waliokamilisha ada. Ninaomba tu kwamba kabla ya kupiga kura kila mmoja apitie daftari la usiku, ambalo litakuwa mezani kuanzia asubuhi, na nitakuwepo kujibu maswali.

Ninaomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Chama