Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha Zilizoibwa, Zilizolowa na Zilizorudi

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliazimia tuache kuonja kila kitu kidogo kidogo, tushike jambo moja mwaka mzima. Tukachagua wachoraji wa Renesansi, yaani zama za mwamko wa sanaa Ulaya, wa Italia na wa Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo), na hasa yaliyozikuta picha zao baada ya wenyewe kufariki: kuibwa, kufichwa, kulowa, kukarabatiwa. Tumekutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Mapato na matumizi mweka hazina atayasoma. Mimi naongeza tu kwamba deni la ukumbi limekwisha, na nawashukuru waliolipa ada mapema.

Kikao kilichojaza watu mpaka wengine wakasimama mlangoni ni kile cha wizi wa Mona Lisa, picha ya mwanamke mwenye tabasamu iliyochorwa na Leonardo da Vinci. Jumatatu tarehe 21 Agosti 1911, siku ambayo makumbusho ya Louvre, Paris, yalikuwa yamefungwa kwa wageni, fundi wa Kiitaliano aitwaye Vincenzo Peruggia aliiteremsha picha ukutani, akaitoa kwenye fremu na kuondoka nayo. Hakuwa mgeni pale, maana aliwahi kufanya kazi ya vioo vya kukinga picha humohumo. Mona Lisa ni ubao wa mpopla wenye urefu wa sentimita 77 na upana wa 53, mtu mmoja anaubeba bila taabu. Lakini kilichotunyamazisha sote ni hiki: nafasi tupu ilikuwa wazi ukutani, na kengele haikupigwa mpaka kesho yake. Walinzi walidhani picha imepelekwa kwa wapiga picha wa makumbusho, jambo lililokuwa la kawaida. Aliyesisitiza kuuliza iko wapi alikuwa mchoraji, Louis Béroud, aliyekuja Jumanne kuuchora ukumbi ule.

Kwa zaidi ya miaka miwili picha ilifichwa mjini Paris, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa ndani ya sanduku chumbani kwa Peruggia. Desemba 1913 akaipeleka Florence kwa Alfredo Geri, mfanyabiashara wa vitu vya kale, naye Geri akamwita Giovanni Poggi, mkurugenzi wa makumbusho ya Uffizi. Hawakutegemea tabasamu. Waliigeuza wakatazama alama za Louvre mgongoni mwa ubao, wakalinganisha nyufa nyembamba za rangi na zile zilizoonekana kwenye picha za kamera zilizopigwa kabla ya wizi. Nyufa hizo huchorwa na miaka yenyewe, na hakuna mwigaji awezaye kuzifuata zote. Mwanzoni mwa Januari 1914 Mona Lisa ilikuwa imerudi Paris.

Peruggia alijitetea kwamba alikuwa akirudisha nyumbani Italia mali iliyoporwa na Napoleon, jemadari wa Ufaransa. Kwa picha hii alikosea, kwani Leonardo mwenyewe aliivusha kwenda Ufaransa, ikaishia mikononi mwa mfalme Francis I. Hata hivyo siwezi kuwalaumu wanachama wetu walioguna hukumu yake iliposomwa kikaoni. Katika ukumbi uleule wa Louvre, ukuta unaotazamana na Mona Lisa, imetundikwa Arusi ya Kana ya Paolo Veronese, yenye upana wa karibu mita 10. Ilichorwa mwaka 1563 kwa ajili ya chumba cha kulia cha watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Mwaka 1797 wanajeshi wa Napoleon waliichukua, na haijarudi mpaka leo. Mimi kwa maoni yangu naona huo nao ni wizi, ingawa waliouteka mji walikuwa na karatasi za mkataba mkononi. Mjadala wetu siku hiyo ulipita muda wa ukumbi, na naomba kamati ijayo iurejee.

Kikao cha Ghent, Ubelgiji, kilikuwa kifupi, ila kilituuma. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili 1934 mbao mbili za altare (picha ya mbao nyingi ya kuwekwa madhabahuni) ya ndugu Van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432, ziliibwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Mwizi aliomba fidia ya faranga milioni moja, akarudisha ubao mmoja kuonyesha kwamba kweli anazo. Ule mwingine, wa Waamuzi Waadilifu, haujapatikana. Arsène Goedertier, aliyesema akiwa anakata roho kwamba anajua ulipo, alikufa mwaka huohuo bila kupataja. Anayeingia kanisani leo anaona nakala. Kwa bahati tulikuwa na mwanachama aliyewahi kufika pale, akatueleza jinsi macho yalivyokuwa yakimrudia kwenye ubao huo mmoja, na nyingine kumi na kitu zikabaki hazijatazamwa.

Sasa nifike kwenye letu, ambalo ningependa lisingekuwemo katika taarifa hii.

Mnakumbuka kwamba mwasisi wetu alitutoka mwaka huu, Mungu amrehemu. Kabla ya hapo alikuwa amekiachia chama picha yake ya mitumbwi, aliyoichora kwenye ubao wa plaiwudi. Tuliiweka stoo, chini, imeegemezwa ukutani. Masika yalipokuja paa likavuja. Nilipoitwa, robo ya chini ilikuwa imelowa chepechepe. Mimi ndiye niliyesema tuianike juani. Ilikaa juani tangu saa nne mpaka alasiri. Jioni ubao ulikuwa umepinda kama kigae, na pale penye maji ya bahari rangi ilikuwa imeinuka kwa maganda madogo, ukipuliza yanaruka. Niliyaokota niliyoyaona, nikayatia kwenye bahasha. Bado ninayo.

Miezi miwili baadaye tukafikia mada ya Florence. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika, na Karamu ya Mwisho ya Giorgio Vasari, iliyochorwa mwaka 1546 kwenye mbao tano, ikakaa ndani ya maji kwa zaidi ya saa 12 huko Santa Croce, kanisa la mji huo. Nilipokuwa nikisoma maelezo ya wakarabati ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mbao huvimba zikilowa. Tabaka jeupe lililo chini ya rangi limeshikwa kwa gundi, na gundi hulainika kwa maji. Mbao zikikauka haraka husinyaa, lakini rangi haisinyai pamoja nazo, hivyo haina pa kukaa, inainuka na kudondoka. Ndiyo maana picha nyingi za mbao zilihifadhiwa kwenye jengo la kutunzia milimau katika bustani ya Boboli mjini humo, unyevu ukaachwa juu makusudi na kushushwa polepole. Ile ya Vasari walibandika karatasi usoni ili rangi isidondoke, na ikasubiri miongo kadhaa mpaka wapatikane wenye ujuzi wa kuitengeneza. Ilirudi Santa Croce mwaka 2016, miaka 50 baada ya mafuriko, na safari hii imefungiwa mitambo ya kuipandisha juu mto ukifurika tena.

Sisi hatuhitaji mitambo. Tunahitaji rafu. Naomba mkutano huu uidhinishe fedha za rafu ili picha ziinuliwe kutoka sakafuni, na paa la stoo lizibwe kabla ya mvua. Picha ya mwasisi nimeilaza kivulini, imefunikwa kitambaa, na kamati inatafuta mkarabati wa kweli. Mpaka apatikane, nasihi asiiguse mtu, hata kwa nia njema, kama mimi nilivyoigusa kwa nia njema.

Jambo la pili ni kitabu. Chama kina michoro iliyoko majumbani kwa wanachama, iliyoazimwa kwa maonyesho au kwa sherehe, na nilipomuuliza katibu iko mingapi, tulipeana majibu matatu tofauti. Ukuta wetu una nafasi tupu, nasi tunasema bila shaka fulani anayo. Kuanzia leo kila mchoro utapigwa picha mbele na nyuma, utapimwa, mikwaruzo yake itaandikwa, na anayeuchukua atatia sahihi na tarehe ya kurudisha. Kitabu kiko mezani kwa katibu, pamoja na kalamu na futi. Aliye na mchoro wa chama nyumbani kwake naomba aandikishe kabla ya chai.