Msituhesabie nguzo kwa kipande kimoja cha jiwe

Ndugu mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo maana hili jambo la kupigia hesabu nguzo za msingi, zile za zege zinazozamishwa ndani ya jiwe, linanikera.

Siku hizi huku uwandani, Paje mpaka Makunduchi, kila mtu anapandisha ghorofa, na ukiuliza msingi vipi unajibiwa "pale jiwe tupu, usiwe na wasiwasi". Jiwe tupu sawa, mtaimbo wenyewe unadunda, lakini jiwe letu la matumbawe, maji ya mvua yamelila miaka na miaka, nyufa kila pahala, na watalii wanapelekwa mapangoni Jambiani na Mangapwani, sasa nani kakwambia chini ya kiwanja chako hakuna jengine?

Miye nishafanya kazi kwenye mashine ya kuchoronga, ile inayotoboa jiwe kwa rodi ya chuma na maji, ikatoa vipande vya jiwe vya kupimwa. Siku moja maji yanarudi juu meupe vizuri tu, mara yakapotea yote na rodi ikashuka yenyewe kama mita nzima. Injinia kachagua kipande kizuri kuliko vyote kakipeleka maabara, kikavunjwa kupima nguvu yake, namba ikatoka kubwa, nguzo zote zikapigiwa hesabu kwa namba ile ile! Kipande kizima ndo kilichosalimika jamani, kibovu kimetoka mchanga.

Kuna hesabu nyepesi ya kujua uzima wa jiwe, alileta injinia Deere wa Marekani miaka ya 1960, unajumlisha vipande vizima vinavyozidi sentimita 10 unagawa kwa urefu wote uliochoronga. Umechoronga sentimita 150, vipande hivyo vimefika 60, basi asilimia 40, na chini ya 50 ni jiwe bovu hata kama kila kipande kigumu kama chuma. Na hata hiyo haikwambii ufa umejaa udongo au la.

Halafu nguzo inabeba kwa ubavu unaogusana na jiwe na kwa kitako cha chini. Ubavu unashika ikishuka milimita chache tu, kitako kinataka ishuke zaidi, na kama mmeacha tope chini yake mnakihesabu cha nini? Miye ningetegemea ubavu, kila penye nguzo nikachoronga kashimo kuteremka chini ya kitako mara 2 au 3 ya upana wake, na nguzo moja ipakiwe mzigo kweli, mara mbili ya utakaokuja, tuone inashuka kiasi gani. Ghali, najua, tajiri atanuna.

Pale ilipodondoka rodi walimwaga zege, likameza karibu mara mbili ya walilopanga, na makaratasi ya hesabu hayakuguswa.

Fundi mstaafu, Unguja Kusini