Wazee wanaopunguza steroidi wapangiwe mazoezi ya kwao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo ambalo kampeni zetu za mazoezi zimelipita bila kulitazama. Tangu mwishoni mwa 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, vikundi vya mbio za pole vimeenea hata hapa Tanga, na apitaye Raskazone alfajiri huwakuta vijana na wazee wakikimbia pamoja. Sivilaumu vikundi hivyo, kwani mimi mwenyewe nimo. Ninalolalamikia ni kwamba mzee anayepunguza dozi ya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe kama prednisoloni, aliyoitumia kwa miaka mingi huhimizwa kwa maneno yaleyale anayohimizwa mzee mwenzake asiyewahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa hiyo.

Nina miaka 69, ni mwalimu mstaafu, na nimemeza prednisoloni kwa miaka saba kwa sababu ya baridi yabisi. Sitaki kuitukana dawa iliyonirudishia vidole vyangu vilipokuwa haviwezi hata kufunga kifungo cha gauni. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, kule Marekani, alimpa kotisoni, dawa ya jamii hiyohiyo ya steroidi, mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi, mwanamke aliyekuwa hawezi kutembea, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Furaha ya mwanamke yule naielewa. Gharama za dawa hiyo kwa mwili zilikuja kujulikana baadaye, nami nimezijua mwilini mwangu: uso ulijaa ukawa duara, majirani wakanisifu kwamba pensheni imenikubali, na huku wakinisifu mapaja yalikuwa yakiisha nguvu. Nilitambua hilo siku niliyokaa juu ya mbuzi kukuna nazi, na nilipomaliza sikuweza kuinuka mpaka mjukuu wangu aliponivuta mkono. Nilidhani ni uzee. Kumbe steroidi zikitumiwa muda mrefu hudhoofisha hasa misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili, yaani ya mapaja, nyonga na mabega, na hufanya mifupa iwe myepesi kuvunjika.

Kwa hiyo mazoezi tunayahitaji, pengine kuliko wengine. Shida iko katika kipindi cha kupunguza dawa. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo hutengeneza homoni iitwayo kotisoli, ambayo huusaidia mwili kuhimili shinikizo, kushikilia msukumo wa damu na kutunza sukari. Mtu akimeza steroidi kwa miaka, tezi hizo huzembea kwa kuwa kazi yao inafanywa na kidonge, na kuziamsha tena huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Ndiyo maana dozi hushushwa kidogo kidogo, na ndiyo maana hakuna anayepaswa kuiacha ghafla kwa kuwa tu amejisikia vizuri au kwa kuwa vidonge vimemwishia.

Na hapa kuna ugumu ambao wenzetu wenye afya hawauoni. Katika maduka ya dawa ninayonunua, nimekuwa nikipata vidonge vya miligramu 5 tu. Kushuka kutoka 15 kwenda 12.5 si jambo kubwa, lakini kushuka kutoka 5 kwenda 2.5 ni kukata nusu ya dozi kwa siku moja, tena pale ambapo dozi imekaribia kiasi ambacho mwili wenyewe ungetengeneza. Mimi nilikata kidonge changu siku ya Jumanne, na Jumamosi nikaenda kukimbia. Kiongozi wetu, kijana mwema asiye na hatia yoyote, alipoona ninabaki nyuma akanipigia makofi akisema jasho ndilo dawa. Niliongeza mwendo. Kabla ya kufika mwisho nilishikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, nikakaa chini ukingoni mwa barabara, na siku tatu zilizofuata sikuweza kusimama bila macho kuingia giza. Katika zahanati niliyopelekwa walinipima malaria, hawakuiona, wakaniambia nimejichosha, nirudi nyumbani nikapumzike. Hakuna aliyeniuliza ninatumia dawa gani, nami sikujua kwamba hilo ndilo nililopaswa kulisema kwanza. Daktari wangu ndiye aliyelitambua tatizo wiki iliyofuata. Alinirudisha kwenye 5, na baadaye tukashuka kwa kupokezana siku, leo 5, kesho 2.5, kwa wiki kadhaa.

Tangu hapo nimejifunza kuyafanya mazoezi yafuate dawa. Wiki ambayo dozi imeshuka siongezi chochote. Natembea umbali uleule au pungufu, nasubiri mwili utulie, ndipo naongeza. Mazoezi yangu makubwa hayamvutii mtazamaji: nainuka kitini bila kushika kitu, mara tano, nikipumzika, kisha mara tano tena, nanyanyua chupa mbili za lita moja za maji kwa ajili ya mabega, nasimama kwa mguu mmoja nikiwa karibu na fremu ya mlango. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha mizani ya mwili siku tatu au zaidi kwa wiki, lakini jukwaani hutajwa zile dakika 150 za mwendo kwa wiki peke yake. Kuinama kwa kujirusha ili kugusa vidole vya miguu, jambo ambalo kila kikundi hulipenda, nimeliacha kabisa, sawa na kunyanyua ndoo ya lita 20 kutoka sakafuni, kwa sababu uti wa mgongo uliopungua madini unaweza kupasuka kwa jambo dogo kama hilo. Maumivu ya kinenani yanayozidi mtu anapokanyaga nayo si ya kukandwa kwa maji moto na kusahauliwa, kwani steroidi zinaweza kukinyima damu kichwa cha mfupa wa paja. Yanahitaji daktari na picha.

Viungo navyo huuma wakati wa kushuka, na ni vigumu kujua kama ni ugonjwa unaorudi au ni mwili unaolilia dawa yake. Mimi huandika katika daftari, maana nilizoea kusahihisha: kiungo kilichovimba na kupata joto nampelekea daktari haraka, na uchovu wa mwili mzima bila uvimbe naupa siku chache za mwendo mdogo. Lakini kutapika, kizunguzungu cha kusimama au homa sivisubirishi, kwa kuwa mwili wenye malaria au maambukizi mengine huhitaji kotisoli zaidi, na mtu wa namna yangu hana akiba.

Ombi langu kwa wenye kliniki ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Mgonjwa anapoandikiwa ratiba ya kushusha dozi, karatasi hiyohiyo ionyeshe wiki za kutoongeza mazoezi, mazoezi matatu au manne ya kuanzia, na dalili za kurudi hospitali, na mtaalamu wa mazoezi tiba aione kabla mgonjwa hajaondoka. Uingereza mgonjwa wa namna hii hubeba kadi inayomweleza mhudumu yeyote kwamba anatumia steroidi. Sisi tungeweza kuanza na sentensi moja ya wino mwekundu kwenye jalada la daftari la kliniki. Nanyi, Mhariri, mtakapochapa tena picha za wazee wakikimbia Jumamosi ya pili, nitashukuru mkiweka chini yake mstari mmoja unaowataka viongozi wa vikundi wamuulize kila mgeni mwenye umri mkubwa anatumia dawa gani, kabla ya kumpigia makofi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga