Fundi, mbona bando linaisha nikiwa nimelala?

Swali hili tunaletewa mezani karibu kila wiki. Juzi kaja dada mmoja mhasibu, laptopu mgongoni, salamu yenyewe ya haraka: "Fundi, nimejiunga jana jioni, leo asubuhi bando limekata. Kuna mtu yumo humu ndani."

Mtu hakuwemo. Windows ina sehemu ya matumizi ya data, inaonyesha kila programu imekula kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Tulipofungua, mlaji alikuwa Windows mwenyewe, anajisasisha usiku kucha. Hilo tulilimaliza kwa dakika moja: tuliiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, basi isubiri ruhusa.

Ila kwa kuwa tulikuwa tumeshafika, tukachungulia na brauza. Viendelezi, yaani vile viprogramu vidogo vinavyobandikwa kwenye brauza, vilikuwa 9, yeye anavikumbuka viwili. Kimoja cha kugeuza PDF kuwa Word alikiweka mwaka juzi kwa ajili ya barua moja, na hadi leo kina ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zake zote kwenye tovuti zote. Yaani barua pepe, benki, na mifumo anayoingilia kazi za wateja wake. Kama kilikuwa kinapeleka kitu mahali, hatukuona ushahidi. Lakini ufunguo kilikuwa nao.

Wengi hapa ndipo wanapopotea. Wanamtafuta mpelelezi kwa kuangalia bando, na mpelelezi hana njaa. Orodha ya kurasa ulizofungua kutwa nzima ni maandishi matupu, kilobaiti kadhaa tu. Picha moja ya WhatsApp inaweza kuwa nzito kuliko hiyo. Hutaisikia kompyuta ikipata joto wala kuwa nzito.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Avast, antivairasi ya bure kutoka Jamhuri ya Cheki, ile yenye alama ya rangi ya machungwa. Mwaka 2019 mtafiti wa usalama Wladimir Palant alionyesha kwamba viendelezi vyake vinapeleka kwenye kampuni anwani ya kila ukurasa unaofungua. Desemba ya mwaka huo Mozilla na Opera, watengenezaji wa brauza, wakaviondoa kwenye maduka yao ya viendelezi. Januari 2020 waandishi wa Motherboard na PCMag, vyombo vya habari za teknolojia, wakaeleza taarifa hizo zinakwenda wapi: kwa kampuni tanzu iliyoitwa Jumpshot, inayouzia makampuni mengine. Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5, na kwamba imekatazwa kuuza taarifa za aina hiyo kwa matangazo. Kwa maelezo ya FTC, wanunuzi walizidi 100.

Utetezi ulikuwa kwamba majina yameondolewa. Sawa, lakini kila brauza ilikuwa na namba yake na kila tukio lina saa yake. Ukinunua viatu mtandaoni saa 6:12 na sekunde 5 mchana, mwenye duka anajua ni wewe. Akiipata ile orodha, anatafuta nani alikuwa kwenye ukurasa wake sekunde hiyo, anaikuta namba, na namba hiyo inamwonyesha kurasa nyingine zote ulizopita, hata ile ya ugonjwa uliyoisoma peke yako usiku. Na hii ilikuwa programu ambayo watu waliiweka ili iwalinde!

Sisi wenyewe tulikuwa tukipiga Windows tunamalizia na antivairasi yoyote ya bure, tunabonyeza "Nakubali" kwa niaba ya mteja. Tumeacha. Kwa mtumiaji wa kawaida, Defender inayokuja na Windows inatosha, mradi iwe inasasishwa. Kreki pia, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure, hatuweki tena, na wateja kadhaa wametukimbia kwa hilo. Programu inayokutaka uzime ulinzi kwanza ndipo iingie, hatuwezi kukuapia inafanya nini ikishaingia.

Ukaguzi wetu unachukua kama saa moja, shilingi 15,000, na unakaa pembeni yetu unaona. Tunapitia viendelezi kimoja kimoja, programu zinazoamka kompyuta ikiwaka, na taarifa za hiari ambazo Windows inatuma Microsoft. Hizo zinazimika kwenye mipangilio ya faragha. Kinachofutwa unaamua wewe.

Na sisi tusijitoe. Tangu Mei 2023 Tanzania inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na fundi aliyeshika laptopu yako ameshika picha zako, mikataba yako na vyeti vya watoto. Kwa hiyo nywila andika mwenyewe, usituandikie kwenye karatasi. Kama lazima uiache kwetu usiku, hamisha kwanza vya siri kwenye flashi uondoke nayo. Tuko wazi Jumatatu hadi Jumamosi. Njoo na chaja.