Chenga kwenye laptop yako ya ThinkPad T420

Kaka, za masiku,

Voisi noti yako nimeisikiliza yote na zile picha nimezikuza nikaziangalia moja moja. Usiifute hiyo Linux Mint bado. Na yule fundi anayesema kadi ya picha imekufa, inabidi aipige blowa (aipulizie hewa ya moto), mwambie asubiri kwanza, maana kwenye majibu ya ile amri ya inxi -G (inayotaja kadi ya picha) uliyonitumia naona Intel HD 3000 tupu, hiyo imo ndani ya prosesa yenyewe, ni ya zile Intel walizotoa 2011, sasa sijui anataka kupuliza nini.

Halafu umenipa magonjwa matatu kwa mpigo: viboksi vyeusi ukifungua madirisha, video kukatika katikati, na kioo kucheza ukigusa mfuniko. Siyo lazima vyote vitoke sehemu moja. Wengi hapa ndo wanapotea, wanabandika kila amri waliyoiona intaneti, mwisho hata wenyewe hawajui ipi imeponya na ipi imeharibu.

Kwa hiyo anza hivi. Viboksi vikitokea tu, piga skrinishoti hapohapo, kisha itume kwenye simu uiangalie kule, usiiangalie kwenye laptop hiyohiyo. Ukiviona na kwenye simu, basi picha ilishaharibika wakati inachorwa, yaani ni mambo ya draiva (programu inayoendesha kadi) au ya kompozita ya Xfce (sehemu ya desktop yako inayounganisha madirisha yote kuwa picha moja), kioo chako hakina kosa. Skrinishoti ikiwa safi kabisa wakati wewe ulikuwa unaona uchafu kwa macho, basi picha ilichorwa vizuri ikaharibikia njiani kuja kwenye kioo.

Hiyo ya kucheza ukigusa mfuniko wala usiitafutie amri. Zima, washa, bonyeza F1 uingie BIOS, kaa humo huku unaukunja na kuukunjua mfuniko taratibu. Pale Linux haijaamka hata kidogo, kwa hiyo ikicheza ujue ni ule waya wa kioo unaopita kwenye bawaba, umelegea au umechubuka. Chomeka na monita ya nje kwenye VGA, ikitulia kule ndo umepata jibu, na hapo sasa fundi ana kazi halali ya kufanya.

Kwa viboksi vyeusi, zima kwanza kompozita, andika xfwm4 --compositor=off --replace halafu tumia mashine kawaida. Vikipotea umeshamjua mwizi. Vikibaki kwenye Firefox peke yake, ingia setingi zake uzime hadwea aksilereshen (kuchora kwa kutumia kadi). Na ulivyosema ilikuwa safi kabla hujatoka Mint 20 kuja 21, hiyo inaingia akilini, sababu Mesa, yaani mkusanyiko wa draiva za kuchora za Linux, kuanzia toleo la 22 waliitoa draiva ya zamani ya i965 na chipu za umri huo zikahamia kwenye draiva nyingine ya crocus. Buti flashi ya Mint 20 bila kuinstoli, ifanyie fujo zilezile uone. Kama na kule vipo, pitisha memtest (kipimo cha RAM), maana hiyo Intel haina memori yake, inakopa RAM ya mashine, na RAM ikiwa na doa linaweza kukutokea kwenye kioo.

Video kukatika, ile ya nusu ya juu kutangulia nusu ya chini kama ukurasa uliochanwa ukagundishwa kombo, hiyo haionekani hata kwenye skrinishoti, usihangaike. Washa tena kompozita, kisha:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/vblank_mode -s glx

halafu xfwm4 --replace. Ikigoma, ndo unatengeneza faili la /etc/X11/xorg.conf.d/20-intel.conf, unaweka humo, kila kimoja mstari wake, Section "Device", Identifier "Intel", Driver "intel", Option "TearFree" "true" na EndSection. Ukiwasha ukakuta giza usipaniki, bonyeza Ctrl+Alt+F3, logini, lifute hilo faili, riboti, umerudi ulipokuwa.

Na hiyo nomodeset (agizo la kuizuia draiva isishike kioo) uliyoambiwa uiweke kwenye grub (programu inayoiamsha Linux), mimi sijaipenda. Ni ya kuingilia tu pale mashine inapogoma kabisa kuonyesha picha. Ukiiacha humo, draiva ya i915 haishiki kioo, prosesa inachora kila kitu yenyewe, ukiangalia renderer (anayechora) kwenye inxi -G utakuta imeandikwa llvmpipe, na hapo hata video ya kawaida inakwamakwama na feni inalia. Itoe kwenye /etc/default/grub, piga sudo update-grub, riboti.

Badilisha kimoja, tumia mashine mpaka kesho yake, ndo uende kingine. Jioni nitumie ile skrinishoti yenyewe, siyo kioo umekipiga picha na simu, pamoja na majibu ya sudo dmesg | grep i915 (kumbukumbu za hiyo draiva).

Msalimie shemeji, mwambie flashi yangu akimaliza miziki yake nitaihitaji.

Wako