Kozi ya hisabati na muziki ianze na waya na rula

Mhariri,

Vyuo vinavyopanga kozi ya utangulizi ya hisabati na muziki kwa mwaka wa kwanza tunaviomba viache mtindo wa kufungua somo kwa Pythagoras na logarithimu. Darasa linaloanza hivyo hugawanyika mapema. Wa hisabati wanakokotoa bila kusikia, wa kwaya wanasikia bila kukokotoa, na baada ya wiki chache kila upande unanakili kazi za mwenzake. Waya mmoja unatosha kuwakutanisha.

Chukua ubao wa sentimeta 70 na waya wa kwanza wa gitaa, ule mwembamba wa chuma. Uinue kwa vijiti viwili vilivyoachana sentimeta 60, kisha ning'iniza dumu lenye maji upande mmoja liuvute. Kijiti cha tatu kiwe cha kusogeza. Waya mzima wa sentimeta 60 ni do. Kikibakiza sentimeta 30 za waya unasikia do ya juu. 40 ni sol, 45 ni fa, 48 ni mi. Aliyeimba kwaya kwa sol-fa atazitambua mwenyewe, hahitaji kujua kusoma noti za mistari. Mahali panapoharibika ni pale wanafunzi wanapokiacha kijiti na kubonyeza kwa kidole. Kubonyeza kunaukaza waya, sauti inapanda, na mtu anaandika sol kwenye 41 badala ya 40. Kijiti kizidi kimo cha vile vya pembeni kwa unene wa karatasi tu.

Sasa waulize: kutoka do hadi sol ni 3/2 (60 kwa 40), kutoka sol hadi do ya juu ni 4/3, safari nzima ni ngapi? Wengi watajumlisha, wapate 17/6, ambayo ni karibu 2.83, ilhali masikio yao yamekwisha kuwaambia ni 2. Sikio linajumlisha umbali, uwiano unazidishwa. Hapo logarithimu inaingia ikiwa na kazi ya kufanya: senti, yaani vipande 1200 vya umbali wa do hadi do ya juu, ni 1200 mara log ya uwiano, gawanya kwa log 2. Sol inatoka 702. Anayepata hasi 150 hivi ameandika log ya 1.5/2 kwenye kikokotoo, kosa la kila muhula.

Hatua inayofuata ni gitaa lenye waya wa sentimeta 65. Freti zake, vile vyuma vya kukingama shingoni, zimegawa oktava (do hadi do ya juu) kama kinanda, katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja ikizidisha kwa 1.0595 hivi. Freti ya 7 inakaa sentimeta 21.62 kutoka mwanzo wa waya, na sol safi ya uwiano wa 3/2 ingekaa 21.67. Nusu milimita, hakuna wa kuiona. Freti ya 4 inakaa 13.41, wakati mi safi ya 5/4 ingekaa 13.00 kamili. Milimita 4! Wapime wenyewe kwa rula. Hakuna mhadhara unaoeleza vizuri zaidi kwa nini kwaya isiyo na kinanda huiimba mi chini kidogo kuliko kinanda.

Wenzetu wanaotumia programu za simu za kupimia sauti tunawatahadharisha. Mwanafunzi akiweka kijiti kwenye 48, mahali sahihi, simu, kwa kuwa inafuata kinanda, itaonyesha senti hasi 14, naye atasogeza kijiti mpaka taa iwe ya kijani. Amekwisha haribu kipimo chake ili amridhishe mashine. Simu isome Hz (mitetemo kwa sekunde) peke yake, senti azikokotoe yeye.

Kwa sababu hiyo hiyo kinanda kisiwe hakimu wa muziki wote. Ilimba ya Wagogo, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ingepewa wiki nzima. Sauti zake zinafuata kwa karibu sauti ya 4 hadi ya 9 kati ya zile zinazozaliwa na waya mmoja. Ya 4 ikiwa 200 Hz, zinazofuata ni 250, 300, 350, 400 na 450. Hii ni ngazi ya kujumlisha, kila hatua 50. Ya kinanda ni ya kuzidisha. Wanafunzi wana mifululizo yote miwili tangu sekondari, na hapa wanaisikia ikitofautiana: ile 350 kinanda kingeiweka 356.4, juu zaidi kwa senti 31. Anayesema ilimba imechuja ameshindwa hesabu.

Hesabu ya moduli 12, ile inayorudi 0 kila ikifika 12, haihitaji maandalizi kwa darasa la Waswahili. Mshale ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja, yaani kila siku tunahamisha duara zima kwa 6. Zungushia noti 12 kwenye uso wa saa, anza 0, ruka 7 kila mara: 0, 7, 2, 9, 4, na kuendelea hadi noti zote zimeguswa. Ruka 4: 0, 4, 8, umerudi. Kisha waeleze kwa nini, kwa kutumia kigawo kikubwa cha shirika. Wahesabu kuanzia 0, maana wanamuziki huanza na 1, na ndiyo asili ya kichekesho kwamba tatu mbili (do hadi mi, mi hadi sol) zikiunganishwa zinatoa tano (do hadi sol). Kwenye midundo kosa hilo hilo huzaa mpigo wa 13: mkono mmoja kila 3, mwingine kila 4, wakikutana mtu anauhesabu mpigo wa kukutana mara mbili.

Rudini kwenye dumu mwishoni. Uzito ukiwa maradufu darasa hutegemea oktava, lakini sauti hupanda kwa kipeuo cha pili cha 2, nusu toni 6 kamili. Oktava inataka uzito mara 4, kwa mfano kilo 1.5 hadi 6. Pimeni dumu pamoja na maji yake.

Mtihani usiulize majina. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alipendekeza mwaka 1581 uwiano wa 18 kwa 17 kwa kila freti: gawa waya uliobaki kwa 18, weka freti, rudia. Mpe mwanafunzi kipande cha mbao, rula na kikokotoo, atie alama freti 12 kwa kanuni hiyo kwenye waya wa sentimeta 65. Freti ya 12 itaangukia 32.26 badala ya 32.50. Atafute oktava yake imepungua senti ngapi; jibu ni 12 na nusu hivi.

Walimu wa hisabati na muziki,
Dodoma